Mvua ya Dodoma iliyosomwa katikati ya Pasifiki

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Dodoma. Utafiti wangu unahusu mwanzo wa msimu wa mvua kwa wakulima wa mtama na uwele wa Bahi, Chamwino na Kongwa. Natumia CHIRPS, data ya mvua ya kila siku inayokadiriwa kwa setilaiti na vituo vya mvua. Bando langu haliniruhusu kupakua mafaili mazima, kwa hiyo nayasoma moja kwa moja kutoka seva ya OPeNDAP, mfumo wa kusoma sehemu ya faili kupitia mtandao, kwa Python na maktaba yake ya xarray. Kwenye fomu ya seva nilitia tiki kwenye `precip` (mvua) tu, nikanakili anwani iliyotokea. Faili linafunguka bila kosa, lakini `latitude`, `longitude` na `time` sizioni popote. Nikikata eneo langu, latitudo -8 hadi -4 na longitudo 34 hadi 37, napata mistari 4 na safu 3 kwa kila siku, na zote ni NaN, yaani hazina thamani. Nashuku mtandao wa hosteli unakata data njiani. Baadaye nitahitaji pia IMERG, mvua ya setilaiti ya NASA, na NDVI ya MODIS, kipimo cha ukijani wa mimea. Nifanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Mtandao wa hosteli hauna kosa hapa, na faili nalo ni zima. Koodineti zako zipo kwenye seva, zimetulia. Anwani uliyotumia ndiyo haikuziomba. Lakini kabla hatujazirudisha, tuitazame hiyo 4 kwa 3, maana ndani yake kuna hatari kubwa kuliko kukosekana kwa koodineti.

CHIRPS ya toleo la 2, hiyo unayoisoma, imegawa nchi kavu ya dunia, kuanzia latitudo 50 kusini hadi 50 kaskazini, katika visanduku vya nyuzi 0.05. Kila nyuzi moja ina visanduku 20. Kwa hiyo nyuzi 4 za latitudo zilitakiwa zikupe mistari 80, na nyuzi 3 za longitudo safu 60. Wewe umepata 4 na 3. Umeona zilikotoka? Kutoka -8 hadi -4 ni nne, kutoka 34 hadi 37 ni tatu. xarray inapokuta mhimili usio na koodineti, `sel`, amri yake ya kukata eneo, haigomi. Inazichukua namba ulizoipa kana kwamba ni nafasi za kuhesabu. Ikasoma -8 kama "mstari wa nane kutoka mwisho", na 34 kama "safu ya 34 kuanzia sifuri". Faili zima lina mistari 2000 na safu 7200, likianzia latitudo -49.975 na longitudo -179.975. Piga hesabu: ulichokisoma kipo latitudo 49.6 hadi 49.8 kaskazini, longitudo 178 magharibi. Hapo ni katikati ya Bahari ya Pasifiki, kusini mwa visiwa vya Aleutian. CHIRPS haipimi mvua ya baharini, ndiyo maana umepata NaN tupu.

Na mshukuru Mungu kwa hizo NaN. Kama nafasi hizo zingeangukia nchi kavu, ungepata milimita zenye sura ya kawaida kabisa, ungezichorea grafu, ungeandika sura nzima ya tasnifu juu ya mvua ya mahali usipopajua, na programu isingekunong'oneza neno. Ungeongeza `method="nearest"` ingegoma na kukueleza kwamba mhimili huo hauna koodineti. Kwa vipande vya `slice` inanyamaza. Ndiyo sababu, kabla ya kukata chochote, lichapishe faili kwanza kwa `print(ds)` na usome sehemu ya koodineti. Ukikuta maneno `Dimensions without coordinates`, simama hapo hapo.

Sasa, zilikwenda wapi? Ndani ya faili la netCDF, muundo ambao data yako imehifadhiwa, kuna kanuni moja ambayo kila kitu kinaiegemea: koodineti ni kigeu (kundi la namba lenye jina) chenye mhimili mmoja tu, chenye jina lile lile la mhimili wake. Mhimili unaitwa `latitude` na una nafasi 2000. Pembeni kuna kigeu kiitwacho `latitude` chenye namba 2000, kinachosema kila nafasi iko nyuzi ngapi. Mhimili na kigeu ni vitu viwili tofauti vinavyofanana jina. Mhimili ni urefu tu, ni kama kusema foleni ina watu 2000. Kigeu ndicho kinachowataja watu hao. Ulipotia tiki `precip` peke yake, seva ilikupa mvua pamoja na urefu wa mihimili yake. Orodha ya majina haikuja kwa sababu hukuitaja.

Ione kwa macho yako. Chukua anwani ya faili, ongeza `.dds` mwishoni kisha kichujio chako, uifungue kwenye kivinjari cha kawaida. Ni maandishi machache, hayali bando. Utakutana na kitu kama hiki:

`Float32 precip[time = 365][latitude = 2000][longitude = 7200];`

Mstari mmoja, basi. Sasa futa kichujio, yaani kila kitu kuanzia alama ya kuuliza, uache `.dds` tupu. Hapo `latitude`, `longitude` na `time` zitatokea kila moja kwa mstari wake. Huo ndio ushahidi kwamba hazijapotea.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa, na huenda mwenzako akakwambia kwamba yeye alitia tiki kigeu kimoja vilevile na koodineti zikaja. Anasema kweli. Katika toleo la pili la itifaki hii, DAP2, seva inaweza kukipanga kigeu kwa namna iitwayo `Grid`: mvua na mihimili yake vimefungwa furushi moja, ukivuta kimoja vyote vinakuja. Seva nyingine hukipanga kama safu tupu, kila kigeu kikijitegemea. Na katika DAP4, ambalo ni toleo jipya zaidi, aina hiyo ya `Grid` haipo tena. Mihimili hutajwa tu, na usipoiomba haiji. Kwa hiyo programu ile ile, kwa data ile ile, inaweza kukupa majibu tofauti kwa seva mbili. Usiamini mazoea ya seva, soma `.dds` yake.

Kuhusu mtandao, naelewa shaka yako, maana sote tunaujua. Lakini mtandao ukikatika katikati huleta kosa la wazi: muunganisho umevunjika, au kusoma kumeshindikana. Hauchagui kuacha vigeu vitatu na kuleta kimoja kikiwa kizima. Na kama uliacha koodineti ili kuokoa bando, tazama hesabu. Latitudo 2000 na longitudo 7200 ni namba 9,200, kila moja baiti 4: jumla kilobaiti 37 hivi. Picha moja ya WhatsApp mara nyingi inazidi hapo. Mvua ya siku moja kwa faili zima ni visanduku milioni 14.4, megabaiti 57.6, mwaka mzima ni gigabaiti 21. Eneo lako peke yake, 80 kwa 60 kwa siku 365, ni megabaiti 7 tu. Bando linaokolewa kwa kukata eneo. Kuacha koodineti hakukuokolei kitu.

Njia ninayoipendelea ni kuacha kabisa kuchuja kwenye anwani. Mpe xarray anwani nzima bila alama ya kuuliza:

`ds = xr.open_dataset(anwani)`
`mvua = ds.precip.sel(latitude=slice(-8, -4), longitude=slice(34, 37))`
`mvua = mvua.load()`

Watu huogopa kwamba mstari wa kwanza utavuta gigabaiti 21. Hauvuti. Unaleta maelezo ya faili na koodineti, basi. Mvua yenyewe inabaki kwenye seva hadi utakapoita `load`, na wakati huo kinachosafiri ni kile ulichokata. Chapisha `mvua.shape` kabla ya kuita `load`. Ukiona (365, 80, 60), endelea.

Njia ya pili ni kubaki na kichujio lakini utaje kila unachohitaji, ukitenganisha kwa mkato:

`?precip[0:1:364][840:1:919][4280:1:4339],time[0:1:364],latitude[840:1:919],longitude[4280:1:4339]`

Angalia mambo mawili. Nafasi za koodineti lazima ziwe zile zile ulizokatia mvua. Ukikata mvua mistari 80 na kuacha `latitude` yenye namba 2000, haviwezi kuoana. Na katika OPeNDAP namba ya mwisho inahesabiwa ndani: 840 hadi 919 ni nafasi 80. Python haihesabu ya mwisho, kwa hiyo kwenye `isel`, inayokata kwa nafasi, utaandika `slice(840, 920)`. Mkanganyiko huu wa nafasi moja ni kilomita tano na nusu ardhini, na hauna dalili yoyote ya kukushtua.

Kama tayari unayo mafaili uliyopakua yasiyo na koodineti, na huna bando la kurudia, usiyatupe. Bora kuliko yote ni kuziomba koodineti peke yake kutoka seva ile ile, kwa kichujio `?latitude,longitude,time`, kisha uziambatishe kwa `assign_coords` baada ya kuzikata kwa nafasi ulizotumia. Ni zile kilobaiti chache. Zinatoka kwa mwenye data, na hulazimiki kukisia. Ukishindwa kabisa ndipo uzijenge kwa hesabu: latitudo ni -49.975 kuongeza 0.05 mara nafasi, longitudo ni -179.975 kuongeza 0.05 mara nafasi. Mji wa Dodoma, latitudo -6.17 na longitudo 35.74, unaangukia nafasi ya 876 kwa latitudo na 4314 kwa longitudo.

Lakini ukijenga kwa hesabu, umebeba dhamana ya mwelekeo. Mafaili ya netCDF ya CHIRPS huanza kusini kwenda kaskazini. Picha za GeoTIFF za data hiyo hiyo huanza kaskazini. ERA5, data ya hali ya hewa ya kituo cha Ulaya, nayo huanza latitudo 90 kushuka hadi -90, ndiyo maana kule unaandika `slice(-4, -8)`, la sivyo unapata eneo tupu hata koodineti zikiwepo. Sasa ukiichukua ile nafasi ya 876 kwenye data iliyoanza kaskazini, unatua latitudo 6.175 kaskazini: umbali ule ule kutoka ikweta, upande wa pili. Longitudo haijabadilika. Hapo ni kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kuna nchi kavu, kuna mvua, hakuna NaN ya kukuokoa.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinipata. Miaka ya nyuma nilipeleka ramani ya mvua kwa maafisa ugani wa mkoa huu, koodineti nikiwa nimezijenga mwenyewe kutoka faili lililokuwa limepinduka. Mama mmoja aliyefanya kazi vijijini zaidi ya miaka ishirini aliiangalia kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, Mtera tangu lini ikanyeshewa kuliko Kondoa?" Niliirudisha ramani nyumbani, nikaifanya upya usiku ule. Wakulima walikuwa wapangiwe mbegu kwa ramani ile.

Kwa hiyo kila faili uliloliunganisha upya lipitie majaribio mawili. La kwanza ni la msimu. Dodoma ina msimu mmoja, ule ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa inauita mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupata karibu milimita 550 hadi 600. Juni hadi Septemba ni vumbi na upepo. Jumlisha mvua ya kila mwezi ya kisanduku chako. Ukiona mvua nzuri ya mwishoni mwa Mei au ya Septemba, hujasoma Dodoma. La pili ni la pwani: vuta siku moja tu kwa Tanzania nzima, latitudo -12 hadi -1 na longitudo 29 hadi 41, ni kilobaiti 211, uichore. Kwa kuwa bahari ni tupu kwenye CHIRPS, mstari wa pwani utajichora wenyewe. Bahari ya Hindi iwe kulia, na Unguja, Pemba na Mafia ziwe mahali pake. Ramani ikipinduka, au mihimili ikibadilishana, utaiona hata ukiwa umesimama mbali.

Tuje kwenye IMERG, maana huko tatizo lina sura nyingine. Mafaili yake ya kila nusu saa ni ya muundo wa HDF5, na vigeu vyote vimewekwa ndani ya kikundi kiitwacho `Grid`. Ukilifungua faili ulilopakua bila kutaja kikundi, utaona faili tupu, si koodineti tu bali hata mvua yenyewe. Andika `xr.open_dataset(faili, group="Grid")` na kila kitu kitajitokeza. Ukilisoma kupitia OPeNDAP, hali inategemea seva imepangwaje. Rudi kwenye `.dds` au fomu yake uone majina yalivyo, na utie tiki `lat`, `lon` na `time` bila kusahau. Mpangilio wake pia ni kinyume cha ulichozoea: muda, kisha longitudo 3600, kisha latitudo 1800. Dodoma iko nafasi ya 2157 kwa longitudo na 838 kwa latitudo, na ukizibadilisha hizo mbili umetoka nje ya gridi, maana latitudo ni 1800 tu. Jina la mvua ni `precipitationCal` katika toleo la 6 na `precipitation` katika toleo la 7. Utahitaji akaunti ya Earthdata ya NASA na faili la `.netrc` kwenye kompyuta yako. Usipokuwa nalo utapata kosa la kufungua, si upungufu wa koodineti.

Kuna siku utafungua faili la HDF5 ukute mihimili inaitwa `phony_dim_0`, `phony_dim_1`. Hayo ni majina ambayo maktaba ya netCDF huyabuni yenyewe pale aliyetengeneza faili hakuiunganisha mihimili na koodineti zake. Namba za latitudo huenda zipo humo humo, hazijafungwa tu kwenye mhimili. Linganisha urefu, badilisha majina kwa `rename`, halafu `set_coords`. Soma pia sifa iitwayo `coordinates` kwenye kigeu chako, maana mara nyingi inabaki hata baada ya koodineti zenyewe kuachwa nje, na inakutajia majina ya kwenda kuomba.

MODIS ni jambo jingine kabisa. Kwenye MOD13Q1, ile NDVI ya siku 16 kwa mita 250, latitudo na longitudo hazimo kwenye faili kwa sababu hazikuwahi kuandikwa. Faili limebeba maelezo ya makadirio ya ramani yaitwayo sinusoidal, na kila pikseli inapaswa kukokotolewa kutoka hapo. Kigae cha Dodoma ni h21v09, chenye pikseli 4800 kwa 4800, kikianzia ikweta hadi latitudo -10. Latitudo ya kila mstari ni rahisi, inashuka kwa hatua sawa. Longitudo haiwezi kuwa orodha moja, kwa sababu inategemea pia latitudo: unagawanya umbali wa mashariki kwa nusu kipenyo cha dunia mara kosaini ya latitudo, na nusu kipenyo wanachotumia ni mita 6,371,007.181. Kwa hiyo usihangaike kuilazimisha iwe na mhimili mmoja. Ipe kazi hiyo programu ya rioxarray au GDAL igeuze kigae kwenda gridi ya kawaida, kisha ulinganishe na mvua.

Pia utakutana na seva ambako koodineti zipo kwa majina mengine. Maktaba ya data ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia huziita `X`, `Y` na `T`, na kwa data za kila mwezi muda wake huhesabiwa kwa miezi tangu Januari 1960, jambo ambalo xarray hukataa kulitafsiri. Fungua kwa `decode_times=False`, halafu uandike tarehe mwenyewe.

Na muda ndio nataka uupe uzito kuliko yote, kwa kuwa unatafuta mwanzo wa msimu. Msimu wetu unavuka mwaka, na ukiwa na faili moja kwa kila mwaka, kila msimu utahitaji mawili. Bila `time` utalazimika kuhesabu: tarehe 1 Novemba ni nafasi ya 304 katika mwaka wa kawaida, lakini ni ya 305 katika mwaka mrefu. Ukitumia 304 kwa miaka yote, kila mwaka mrefu utahama siku moja, na kanuni nyingi za mwanzo wa msimu huhesabu siku chache mfululizo za mvua, kwa hiyo siku moja ina maana. Ukiomba `time` pamoja na nyingine, unganisha 2015 na 2016, kisha ukate `sel(time=slice("2015-11-01", "2016-04-30"))`. Februari ya 2016 ilikuwa na siku 29, kwa hiyo unatakiwa upate siku 182. Ukichapisha `shape` na kuona (182, 80, 60), na pwani imekaa upande wake, anza kazi ya msimu.